Mama wa Joka na Habari za Ijumaa

Ijumaa asubuhi, treni inapotoka Spånga kwenda mjini Stockholm, huwa nasoma habari za watu nisiowajua. Zinaandikwa na mdogo wangu wa kiume, anayeishi Winnipeg, Kanada. Anazituma usiku wake kabla ya kulala, nami nazipata asubuhi yangu nikiwa nimebanwa dirishani na koti zito.

Ni habari za jamii moja ya huko. Watu hao wanapenda hadithi za mambo ambayo bado hayajatokea, au ambayo hayatatokea kamwe: safari za sayari za mbali, miji iliyojengwa chini ya barafu, roboti waliochoka kutumwa, falme zenye majoka. Waliosomea fasihi wana neno lao, bunilizi za kisayansi, na zile za majoka na uchawi wanaziita fantasia. Mimi nimesomea maabara. Kazi yangu ni damu na mkojo wa watu, na kwa miaka mingi sikuwa nimesoma hadithi yoyote isiyo ya kweli tangu nilipomaliza shule.

Habari zenyewe ni za kawaida sana. Nani ametoa kitabu. Jarida gani linapokea hadithi mpya, na lipi limefungwa kwa sababu mhariri wake amepata watoto mapacha. Mwandishi gani atasoma Jumapili katika duka gani la vitabu, na kwamba anayetaka kiti awahi, maana paka wa duka hilo hushika kimoja na haondolewi.

Mdogo wangu ni kitindamimba. Nilipoondoka nyumbani Dodoma kuja Sweden kusoma, ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza. Kwa hiyo hatukukua pamoja. Ninachokumbuka juu yake ni mtoto mwembamba mwenye kigugumizi kikali. Wengine hukwama kidogo, wakacheka, wakaendelea. Yeye alikuwa akisimama mbele ya neno, shingo imekaza, macho yamefumba, na neno haliji.

Nyumbani kila mtu alimsaidia, na msaada huo ndio uliomnyamazisha. Akianza tu, "Na-na-naomba m-m-m," baba alishamalizia, "Maji! Mpeni maji mtoto." Mama naye, "Mkate huyo anataka." Mara nyingi alichotaka kilikuwa kitu kingine kabisa, labda mpira, labda mkasi. Lakini angeyanywa maji yale yaishe, akaenda zake. Alipofika darasa la nne alikuwa haombi kitu tena. Alisoma. Alisoma kila karatasi iliyopita mikononi mwake, hata magazeti yaliyofungiwa nyama.

Alipokuwa mtu mzima alipata nafasi ya masomo Kanada, akabaki huko. Anafanya kazi katika karakana ya kuchonga lenzi za miwani, kazi ya macho na vidole isiyodai maneno mengi. Sisi wawili tulikuwa ndugu wa salamu: heri ya Krismasi, heri ya mwaka mpya, picha ya mtoto, pole kwa msiba. Simu hakupiga, na nikipiga mimi, hakupokea, baadaye angeandika, "Samahani dada, nilikuwa bafuni." Alikuwa mtu wa bafuni miaka yote hiyo.

Kisha Ijumaa moja akaniingiza kati ya watu wanaotumiwa habari. Hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza. Nilizisoma kwa adabu tu, kama mtu anavyotazama picha za harusi ambayo hakualikwa.

Aliyenikamata ni Mama wa Joka.

Jina hilo tulimpa baadaye, mimi na rafiki zangu wa huku. Hapa sitaji jina la mtu. Alikuwa mwandishi mzee aliyeishi nje kidogo ya Winnipeg, katika nyumba ya mbao kando ya mto. Zamani alitoa vitabu viwili kuhusu joka jike lililokuwa likilinda daraja, na akaahidi cha tatu. Cha tatu hakikuja. Wasomaji waliokuwa wasichana alipotoa cha pili sasa walikuwa na wajukuu. Mdogo wangu alikuwa akienda kumtembelea, na katika habari zake aliweka mistari miwili mitatu: "Nimemkuta anapalilia vitunguu. Anasema joka limekataa kuvuka mto." Wiki nyingine: "Ameifuta sura nzima. Anasema joka halikuwa na hasira, yeye ndiye aliyekuwa na hasira." Basi nikajikuta Alhamisi jioni, huku naosha vyombo, nawaza kama joka limevuka.

Nilimsimulia rafiki yangu wa Norsborg, upande mwingine wa jiji. Yeye anatoka Uvira, Kongo, na anapika katika jiko la shule. Tulikutana kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili, siku aliyonisogelea na kuniambia kwamba naimba vizuri lakini nimesimama kwenye sauti isiyo yangu. Tangu siku hiyo hatujaachana. Kila Jumamosi tunakutana mjini tunakwenda pamoja Fisksätra kwa shangazi yake, ambaye nyonga zake zimechoka na ngazi zinamshinda. Yeye anampikia na kumsuka nywele, mimi nampima presha na kula.

"Na ule mama wa joka," rafiki yangu aliniuliza Jumamosi iliyofuata, hata kabla hatujakaa, "kitabu alishamalizaka?"

"Bado. Anasema sasa joka limevunjika jino."

"Ah! Ju ya nini?"

"Sijui. Mdogo wangu hakuandika."

"Umwambie aandike vizuri. Hawezi kutuacha na jino."

Shangazi, aliyekuwa akisukwa, akataka kujua ni jino la nani. Ikabidi nianze mwanzo. Nilitoa simu, nikawasomea habari za wiki ile yote, nikizigeuza kutoka Kiingereza kuwa Kiswahili papo kwa papo. Shangazi alisikiliza kichwa kimeinama, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama. Nilipomaliza akasema, "Soma tena ile ya paka."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi, au siku ya posho kama Wakongo wanavyoiita, nilisoma habari za Kanada sebuleni kwa shangazi, Fisksätra. Majirani wawili watatu walianza kuja: mama wa Kirundi wa ghorofa ya chini, na Mkenya mmoja dereva wa basi aliyekuja mara ya kwanza kurudisha sufuria. Kugeuza maneno ilikuwa kazi. Mimi nikisema chombo cha angani, rafiki yangu anasema hapana, hiyo ni setilaiti, sema *vaisseau*, kwa Kifaransa. Mkenya anasema huko kwao wangeita tu roketi na maisha yangeendelea. Shangazi alituacha tugombane, kisha akaamua: "Ni gari. Kama inabeba watu, ni gari." Hivyo sebuleni pale magari yakawa yanaruka kwenda sayari ya Zohali.

Watu wa huko nao tukawazoea. Kulikuwa na mwalimu mstaafu tuliyemwita Mzee wa Mwezini, ambaye kila wiki alileta malalamiko: mwandishi fulani ameandika kwamba sauti ya mlipuko ilisikika angani, na angani hakuna hewa, sasa sauti imepita wapi? Rafiki yangu alimpenda. "Huyu iko kama mkuu wa jiko letu," alisema. Kulikuwa na kijana na binti waliokutana kwenye mkutano wa mwaka, wote wamevaa mavazi ya roboti ya maboksi, wakashindwa kukumbatiana kwa sababu ya maboksi, wakarudi mwaka uliofuata wamechumbiana. Binti yangu, aliyekuwa akija nasi kwa ajili ya sambusa na kukaa pembeni na vipokea sauti masikioni, alikivua kimoja siku ile. Akaniuliza kwa Kiswidi kama maboksi yalikuwa ya kadibodi au ya plastiki. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba sijui. Akasema, bado kwa Kiswidi, kwamba ni jambo la muhimu. Wiki iliyofuata alikaa karibu zaidi.

Kisha ikapita Ijumaa moja bila habari. Nilisema labda ni mafua. Ikapita ya pili. Nilimwandikia, akajibu: "Nipo dada. Kazi nyingi." Lakini mimi ninamjua, neno lake la kazi ni ndugu wa neno lake la bafuni.

Jumamosi ile nilifika Fisksätra mikono mitupu. Shangazi alinitazama kama mtu aliyeahidiwa samaki akaletewa maelezo.

"Piga simu," alisema.

"Huwa hapokei, shangazi."

"Wewe umepiga?"

Sikuwa nimepiga kwa miaka. Ilikuwa alasiri kwetu, asubuhi kwake. Nilipiga huku watu wote wananitazama, na niliweka sauti nje kwa sababu rafiki yangu aliuchukua mkono wangu na kubonyeza mwenyewe. Iliita muda mrefu. Nikawa nafikiria jinsi ya kukata kwa heshima, mara ikapokelewa.

"Ha-haloo? Dada? Kuna m-m..."

Alitaka kusema msiba. Nililiona neno likija kutoka mbali, na nikafanya kama baba. "Hakuna msiba," nikamalizia. "Wote wazima. Wewe je? Umeumwa?"

"Ha-hapana."

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana."

"Basi mbona habari haziji?"

Nilisikia birika likichemka upande wake. Halafu akauliza, polepole, "Kwani u-u-unazisoma?"

"Nazisoma kila wiki."

"Nilidhani u-unazifuta."

Hapo rafiki yangu alishindwa kuvumilia. Aliinamia simu kana kwamba yumo ndani. "Papa! Mimi niko rafiki ya dada yako, naishi Norsborg. Hatujuane. Sisi huku tuko tunasoma habari yako kila siku ya posho, na ule mama wa joka umemwacha na jino, na huyu mzee wa mwezini hatujue kama bado iko mzima. Ju ya nini umetufanyia hivi?"

Kutoka upande wa mdogo wangu nilisikia kitu ambacho sikukitambua mara moja. Alikuwa akicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka akiwa mtu mzima. Kicheko chake hakina kigugumizi, kinatoka chote kwa pamoja, na ni cha mama yetu hasa.

Akatueleza. Ilichukua muda, na nilijizuia. Niliuma shavu kwa ndani ili nisimmalizie. Jamii yao ilikuwa imeamua kumpa Mama wa Joka heshima kubwa ya maisha yake yote ya uandishi. Atatunukiwa kwenye mkutano wa mwaka, mwezi wa tano, hapo hapo Winnipeg, mbele ya ukumbi mzima. Lakini mzee huyo magoti yamemwisha na watu wengi wanamchosha. Ameandika maneno yake ya shukrani, na amemwomba mdogo wangu akayasome jukwaani kwa niaba yake.

"Ukamwambia nini?" nikauliza.

"Nilisema ni-nitafikiria."

"Na habari?"

"Dada, hiyo ndiyo habari. Ku-kubwa kuliko zote za mwaka. Sasa niiandikeje bila ku-kujitaja? Nikiiandika, ni-nimekubali."

Shangazi akauliza kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa tu, "Kwani huyo mama hana mwingine wa kumsomea?"

"Ni-nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema wengine wanasoma ha-haraka. Akasema hajaandika kitu cha ku-kusomwa haraka."

Nilikuwa na maneno mengi tayari kinywani. Utaweza. Usiogope. Au: waambie tu huwezi, hakuna atakayekulaumu. Yote yalikuwa maji ya baba kwa mtoto aliyetaka mkasi. Kwa hiyo nikauliza kitu kimoja: "Wewe mwenyewe unataka?"

Rafiki yangu, ambaye kimya kinamwasha kama upupu, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Binti yangu alikuwa ameketi sakafuni anaitazama simu. Tulingoja.

"Na-nataka," akasema.

Ijumaa iliyofuata habari zilikuja. Nilizisoma mara mbili kabla treni haijafika mjini. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya heshima ya Mama wa Joka, na mwisho wake aliandika kwamba shukrani zitasomwa na mwandishi wa habari hizi, "ambaye ana kigugumizi, kwa hiyo njooni mmekula." Mzee wa Mwezini alikuwa mzima na amekasirishwa na sayari yenye majua mawili na kivuli kimoja. Chini kabisa kulikuwa na kichwa kipya: Wasomaji wetu wa Stockholm. Alikuwa ameandika kuhusu sebule ya Fisksätra, shangazi, na magari yanayokwenda Zohali.

Watu wa Kanada wakajibu. Roboti wa maboksi walituma ujumbe kwa binti yangu: yalikuwa kadibodi, wamejuta, mwaka huu wanatumia plastiki. Na Mama wa Joka mwenyewe aliuliza, kupitia mdogo wangu, sisi kwa lugha yetu tunamwitaje mnyama wake. Tukamwambia: joka. Tukamweleza kwamba neno limetoka kwa nyoka. Ukimkuza nyoka kwa ulimi, unapata joka. Alijibu kwamba ameandika maisha yake yote akitafuta mnyama huyo alitoka wapi, na kumbe kuna watu wanamtengeneza kwa kuondoa herufi mbili na kuweka moja. Jibu hilo rafiki yangu alilirudia kwa kila mtu kanisani, hata kwa mchungaji, na kila aliporudia alizidi kuwa yeye aliyelivumbua neno.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Saa tano asubuhi yao ilikuwa saa kumi na mbili jioni yetu, na mwezi wa tano jua la hapa saa hizo bado liko juu kabisa, hadi shangazi alituamuru tushushe pazia ili televisheni ionekane. Binti yangu aliunganisha kompyuta. Sebule ilijaa. Rafiki yangu alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, na samaki, akamkataza mtu yeyote kula kabla ya hotuba, kisha mwenyewe akaanza kuonja.

Ukumbi ulipotokea kwenye kioo, hakuna aliyejua atazame wapi. Kulikuwa na watu wenye mabawa, mwanamke aliyevaa kofia ya uyoga, wazee wenye mashati ya kawaida, mtu mmoja wa kijani. "Wale pale!" binti yangu alipiga kelele, safari hii kwa Kiswahili, na kweli walikuwa roboti wawili wa plastiki inayong'aa, wamekaa mstari wa mbele, wamezuia watu wote wa nyuma. Tulimtafuta pia Mzee wa Mwezini. Tulikubaliana kuwa ni yule mwenye tai ya nyota aliyekuwa akitikisa kichwa kabla hata kitu chochote hakijasemwa.

Kisha mdogo wangu akapanda. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyomzidi kidogo mabegani. Sikuwa nimemwona kwa miaka isipokuwa kwenye picha, na katika picha huwa amekaa pembeni. Nywele zimeanza kumwacha mbele, kama baba. Akafungua karatasi, akaiweka sawa, akaanza.

Alikwama mwanzoni, akapita. Akakwama tena, akapita. Watu sebuleni walianza kulegea. Halafu akafika mahali penye jina la joka, jina ambalo kila mtu ukumbini alilijua, na pale hakupita. Shingo ilikaza. Macho yakafumba. Nilihisi jina lile mdomoni mwangu, na nilijua watu wote wa ukumbi ule wanalo midomoni mwao pia, mamia yao, na yeyote angeweza kumtupia.

Hakuna aliyemtupia. Walikaa. Yule wa kijani alikaa. Mwenye kofia ya uyoga alikaa. Hawakuinamisha vichwa kwa aibu wala hawakutabasamu kumtia moyo. Walingoja tu, kama mtu anavyongoja maji yachemke, kwa kuwa yatachemka. Sebuleni kwetu Mkenya akaanza kunong'ona kitu, na shangazi akamnyooshea kidole bila kumtazama.

Jina likaja. Likatoka zima. Hakuna aliyepiga makofi kwa ajili hiyo, na jambo hilo lilinifurahisha kuliko makofi yoyote. Walitaka kusikia sentensi inaendaje.

Sentensi ilikwenda hivi: joka limevuka. Mama wa Joka alikuwa ameandika kwamba anawashukuru kwa heshima, lakini zaidi anawashukuru kwa kusubiri, na kwamba wiki iliyopita, asubuhi, kabla ya kwenda kupalilia, ameandika mstari wa mwisho wa kitabu cha tatu.

Ukumbi ulisimama wote. Mabawa yalipiga watu usoni. Roboti wawili walijaribu kukumbatiana wakashindwa tena. Na Fisksätra, mbali na watu wale, rafiki yangu alipiga vigelegele hadi jirani wa Kiswidi wa mlango wa pili akaja kuuliza kama kuna harusi. Binti yangu alimweleza kwa Kiswidi kwamba joka limevuka mto. Yule jirani akafikiri kidogo, akasema hongera, akapewa sahani ya sombe.

Mdogo wangu alikuwa bado jukwaani. Aliinamia kipaza sauti, na watu wa Kanada hawakuelewa alichosema, kwa sababu alikisema kwa Kiswahili. "Dada. Shangazi. Na yule wa No-No-Norsborg. Mmesikia? Kimekwisha."

Nililia kidogo, siwezi kukataa. Lakini kulikuwa na chakula, na nilikuwa na njaa.

Kiangazi cha mwaka huo huo alikuja. Nilimpokea uwanja wa ndege na hatukujua tukumbatiane vipi, tukagongana vichwa. Alilala chumba cha binti yangu, na binti yangu alilala sebuleni bila kulalamika, kwa sababu mjomba wake alimletea kofia ya roboti. Asubuhi tulikaa jikoni Spånga tukinywa chai, na alinisimulia mambo ya nyumbani ambayo mimi niliyatoroka kwa kuondoka mapema: jinsi baba alivyozeeka, jinsi alivyokuwa mwishoni akimwomba yeye, mtoto wa kigugumizi, amsomee magazeti jioni. Sikuwa nikijua. Ilituchukua asubuhi kadhaa kumaliza. Kuna siku chai ilipoa kabisa na hakuna aliyeamka kuipasha.

Jumamosi nilimpeleka Fisksätra. Rafiki yangu alitungoja mjini, akamtazama juu hadi chini, akasema, "Wewe ndiye ulituacha na jino," na akamkumbatia kabla hajajibu. Kwenye treni waliketi pamoja, mimi nikakaa kiti cha nyuma yao. Kitabu cha tatu kilikuwa hakijatoka bado, lakini mdogo wangu alikuwa amekwisha kukisoma, akiwa miongoni mwa wachache, na alikuwa ameapa kutosema kitu.

"Niambie tu kama joka linakufa," rafiki yangu alisema.

"Si-si-siwezi. Nili..."

"Uliapa, najua. Basi linazaa?"

"Ha..."

"Linazaa! Nilijua. Nilimwambia dada yako, joka lile iko na mimba, ndiyo maana halitaki kuvuka."

Nilisogea mbele nimwambie amwache amalize. Watu wote wa Winnipeg wamejifunza kungoja, na mimi nimejifunza, na huyu mtu anamkatiza kama anavyomkatiza mchungaji, mkuu wake wa jiko, na mimi kila siku ya Mungu. Lakini mdogo wangu alikuwa amegeuka kumkabili, uso umemchangamka, na yeye naye alikuwa anajaribu kumkatiza.

"Si mi-mimba!" alisema kwa sauti, hadi abiria wakageuka. "We-wewe hujui hata cha pi-pili kimeisha vipi!"

"Sijui? Mimi? Nikusimulie?"

"Si-simulia!"

Na rafiki yangu akaanza kumsimulia kitabu cha pili, ambacho hajakisoma, na mdogo wangu akawa anamsahihisha kila sentensi, wote wawili kwa wakati mmoja. Niliegemea kiti nikawaacha. Nje maji yalikuwa yanapita kati ya miti, na watu walikuwa wanaogelea.